Maafa yanapotokea, nani kawashika watoto? Mazingatio kutoka Bukoba na Muleba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyelelewa yatima, pamoja na ahli zake na Masahaba wake wote.

Ndugu zetu katika imani, tarehe 10 Septemba sisi watu wa visiwani hatuisahau. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 2011, siku chache baada ya Idd el Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Mamia walifariki, na wengi katika wao miili yao haikuonekana mpaka leo. Miaka mitano baadaye, tarehe hiyo hiyo, Jumamosi ya 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Mahujaji walikuwa wanajiandaa kusimama Arafa siku ya pili yake. Tetemeko lile, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia, likaangusha zaidi ya nyumba 2,000 na kuzitia nyufa zaidi ya 14,000. Mjini Bukoba, mitaa kama Hamugembe iliumia vibaya. Familia nyingi zililala nje.

Katika khabari za siku zile tulisikia mengi kuhusu mabati, saruji, maturubai na mablanketi. Hivyo vyote vilihitajika, na kila aliyetoa Allah amlipe. Lakini ipo khabari moja ambayo katika kila maafa huwa haitajwi, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo: wakati baba yuko hospitali, mama yuko kwenye foleni ya msaada, na kaka mkubwa anafukua kifusi kutafuta sanduku la vyeti, mtoto wa miaka minne yuko wapi, na nani kamshika?

Saa ambazo hazina mwenyewe

Tuliangalie tetemeko la Bukoba kwa jicho hilo. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Wanafunzi wa skuli za kutwa walikuwa majumbani, na nyumba ndizo zilizoanguka. Mama aliyenusurika na watoto watatu ana kazi nyingi kwa wakati mmoja: kumfuata majeruhi hospitali, kuandikisha jina kwa mwenyekiti wa mtaa, kutafuta maji, kulinda vilivyobaki, na kuhudhuria maziko. Kila moja katika kazi hizo ni ngumu ukiwa na mtoto mgongoni na mwengine mkononi. Na ukimwacha mtoto, unamwacha na nani? Jirani naye nyumba yake imeanguka.

Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Siku za kawaida mikono ipo mingi: bibi, shangazi, mama mdogo, jirani, mwalimu wa chuo. Ubaya wa maafa ya aina hii ni kuwa mikono yote hiyo inapigwa siku moja. Ndiyo maana hatuwezi kutegemea kuwa "jamaa wapo". Jamaa wapo, lakini nao wamo ndani ya msiba.

Katika saa hizo mtoto hupotea kwa njia ndogo ndogo. Hurudi peke yake kwenye nyumba yenye ufa kuchukua kitu chake, na ardhi hutikisika mara ya pili. Huchukuliwa na mtu "anayemsaidia" na hakuna aliyeandika jina la mtu huyo. Au hukaa tu kimya, anaangalia watu wazima wanalia, wala hakuna anayemwambia kilichotokea.

Anachohitaji mtoto huyu si nyumba mpya wala safari ya kwenda mji mwengine. Anahitaji mtu mzima mwaminifu, anayejulikana kwa jina, wa kumshika kwa saa chache au siku chache, karibu na wazazi wake, mpaka wazazi wamrudie. Huo ndio uangalizi wa kujitolea wa watoto wakati wa maafa. Ni kazi ndogo kuitaja, lakini haiwezekani kuianza siku ya maafa yenyewe. Inatengenezwa kabla.

Mfano wa nyumba ya Jaafar

Jambo hili si geni katika dini yetu. Alipouawa shahidi Jaafar bin Abi Talib (r.a.) katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza watu wawapikie chakula ahli zake kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Hadithi hii wengi wetu tunaijua, na ndiyo asili ya kupeleka chakula msibani badala ya kuwaelemeza wafiwa.

Lakini ipo sehemu ya pili ya kisa ambayo tunaisoma kwa haraka. Kwa mapokezi ya Abdullah bin Jaafar mwenyewe, yaliyomo katika Sunan ya Abu Daud, baada ya siku tatu Mtume (s.a.w.) alikwenda kwenye nyumba ile, akataka aletewe watoto. Wakaletwa, naye Abdullah anawafananisha hao watoto na makinda ya ndege. Kisha Mtume akamwita kinyozi, wakanyolewa.

Tulizingatie hilo. Kiongozi wa umma, aliyetoka kupoteza makamanda watatu katika vita kimoja, anakaa kushughulikia nywele za watoto. Chakula kilikuwa cha nyumba nzima, kinyozi alikuwa wa watoto. Mtoto aliyefiwa hurejeshwa kwenye uhai kwa mambo ya kila siku: kunyolewa, kuogeshwa, kulishwa kwa wakati, kuulizwa jina lake.

Na imepokewa pia katika Sunan ya Abu Daud kuwa Masahaba safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akiruka juu yao kwa dhiki. Mtume (s.a.w.) akauliza nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Ikiwa hii ni hukumu ya ndege, ya binaadamu ni kubwa zaidi. Msaada unaomtenganisha mtoto na mama yake bila ya dharura umeshaingia kasoro, hata nia ikiwa njema.

Muleba: maafa yasiyokuruhusu kukusanyika

Wapo watakaosema: basi tufungue msikiti, tuwakusanye watoto, tumalize. Kagera hiyo hiyo inatufundisha kuwa maafa si aina moja.

Tarehe 21 Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, Serikali ilitangaza mripuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Mgonjwa wa mwanzo aliyefahamika alikuwa ametokea kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Muleba. Sisi watu wa visiwa tunaelewa maana yake: hospitali iko ng'ambo, na mgonjwa hupandishwa chomboni pamoja na watu wengine. Wagonjwa walikuwa 9, mdogo wao akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na 6 walifariki. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa. Mripuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Mapema mwaka 2025 ugonjwa huo ulirudi mkoani humo, safari hii wilayani Biharamulo.

Katika maafa kama haya, mama akichukuliwa kutengwa, mtoto wake naye huhesabiwa kuwa aliyekaribiana na mgonjwa, na huangaliwa kwa siku 21. Jirani mwenye huruma akimchukua kwake bila ya kuwaambia watu wa afya, huenda akaiingiza nyumba yake katika hatari. Akikataa kumchukua, mtoto hubaki peke yake. Hapa huruma peke yake haitoshi.

Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo walilitafutia jambo hili njia wakati wa mripuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020. Mjini Beni na Butembo, kwa msaada wa UNICEF, zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto karibu na vituo vya matibabu, kwa ajili ya watoto ambao mama zao wamelazwa. Walezi walikuwa watu walioumwa Ebola wakapona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imeshapata kinga, waliweza kumbeba mtoto, kumlisha na kumbembeleza pale ambapo mwengine angeogopa. Watu waliokuwa wakinyooshewa vidole mitaani wakawa ndio wanaotegemewa kuwashika watoto wa wenzao.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusiingie katika nchi yenye tauni wala tusitoke humo kuikimbia. Kuheshimu karantini ni katika dini. Kwa hiyo, anayejitolea wakati wa maradhi ya mripuko anafanya kazi chini ya maelekezo ya watu wa afya, si kwa ijtihadi yake.

Huruma inapokosea njia

Baada ya kila maafa makubwa hutokea watu wanaotaka "kuwachukua mayatima". Wengine ni wema, wengine sivyo, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani kumi walikamatwa wakijaribu kuwavusha mpaka watoto 33 kuwapeleka Jamhuri ya Dominika, kwa hoja kuwa ni mayatima. Ikabainika kuwa wengi wa watoto hao wazazi wao walikuwa hai. Wazazi waliwatoa kwa sababu ya dhiki ya siku zile, wakiahidiwa maisha mazuri.

Tusiseme kuwa hilo ni la wengine. Nasi tunao wanaosikia maafa ya bara na kusema: tuleteeni watoto visiwani, tutawasomesha. Nia tunaishukuru. Lakini mtoto ambaye mama yake yuko hospitali si yatima, na hata aliyefiwa na wazazi wote wawili kwa kawaida anao bibi, ami au mama mdogo. Kagera inalijua hili kuliko mkoa wowote wa nchi yetu. Huko ndiko wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipoonekana mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watoto walifiwa na wazazi. Wengi wao walilelewa na bibi zao na jamaa zao ndani ya migomba ile ile ya wazee wao. Hata Walutheri wa Bukoba, walipoanzisha huduma yao ya watoto iitwayo HUYAWA, walielekeza nguvu katika kumsaidia mtoto akiwa nyumbani kwa jamaa zake. Jema linapofanywa na jirani wa dini nyengine, hatuoni tabu kulitaja.

Masuala ya kisharia ya kuzingatiwa

*Uangalizi wa muda si kafala, na kafala si kumbadilisha mtoto nasabu.* Anayemshika mtoto kwa siku tatu ni mwenye amana tu. Anayemlea kwa muda mrefu, akiwa hana mlezi, ndiye aliyeingia katika fadhila aliyoitaja Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa pamoja Peponi, akaashiria kwa vidole vyake viwili. Na wote wawili hawaruhusiwi kumpa mtoto jina lao badala ya la baba yake. Suratu Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, imelikata hilo.

*Jamaa wa karibu hutangulia.* Katika mwaka wa 7 Hijria, Ali, Zaid na Jaafar (r.a.) walishindana nani amlee binti wa Hamza (r.a.), aliyeuawa Uhud. Mtume (s.a.w.) alimpa Jaafar kwa kuwa mkewe alikuwa mama mdogo wa mtoto, akaeleza kuwa ndugu wa mama ana daraja ya mama. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari. Watu watatu wenye daraja kubwa walijitokeza, na bado kilichotazamwa ni mtoto atakuwa salama na karibu na nani.

*Kunyonyesha.* Hili wengi hawalifikirii. Mama wa kujitolea akimnyonyesha mtoto mchanga wa mwenzake, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, manyonyesho matano kamili kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili yanathibitisha undugu wa kunyonya. Kitendo chenyewe si haramu, na huenda kikaokoa roho. Lakini lazima kiandikwe: jina la mtoto, jina la mnyonyeshaji, na mara ngapi. Kisipoandikwa, miaka ishirini baadaye huenda ndugu wawili wakafungishwa ndoa bila ya kujua.

*Mali ya mtoto.* Fedha au kitu alichokuja nacho mtoto, au kilichotolewa kwa jina lake, ni amana. Onyo la Suratu An-Nisaa, aya ya 10, kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, linatosha kumtia mtu baridi.

*Watoto wasiokuwa Waislamu.* Bukoba na Muleba Waislamu na Wakristo ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na nyumba zinapoanguka huanguka za wote. Mtoto wa Kikristo akiletwa kwenye uangalizi wetu hulishwa na kulindwa kama mwengine, na hurudi kwa wazazi wake na dini yake kama alivyokuja. Kumsilimisha mtoto wa watu wakati mama yake yuko chumba cha upasuaji ni khiyana ya amana. Na tunavyotaka wetu watendewe, tuwatendee wenzetu hivyo.

Nini kifanyike kabla

Sheria zetu zinatupa msingi. Bara ipo Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, na Zanzibar Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo inaitambua kafala. Maafisa ustawi wa jamii ndio wenye mamlaka juu ya mtoto asiyekuwa na mlezi, na simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Yeyote anayejitolea aanzie hapo. Asianzishe kituo chake nyuma ya nyumba.

Msikiti au madrasa yoyote, iwe Bukoba, Goziba, Wete au Mkokotoni, inaweza kufanya haya bila ya kusubiri mfadhili:

Kwanza, iteue watu kumi wanaojulikana kwa uadilifu, wengi wao wanawake, na majina yao yafikishwe kwa sheha au mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi. Anayekataa kuchunguzwa asipewe mtoto, hata akiwa ustadh mwenye sifa.

Pili, liwepo daftari. Mtoto akiingia huandikwa jina lake, la mzazi, mahali alipotoka, nani kamleta na saa ngapi. Akitoka huandikwa nani kamchukua, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anamjua.

Tatu, daima wawepo walezi wawili au zaidi, mahali pa wazi panapoonekana na watu. Baada ya tetemeko iwe kivulini nje, si ndani ya jengo ambalo halijakaguliwa, japo liwe msikiti.

Nne, pasipigwe picha za watoto kwa ajili ya kutafutia michango. Sura ya mtoto katika siku yake mbaya kuliko zote si tangazo.

Tano, iwekwe tayari sanduku moja: mikeka, ndoo yenye mfuniko, sabuni, vikombe, nguo chache, kalamu na karatasi. Mtoto akipewa karatasi huchora alichokiona. Asilazimishwe kukieleza.

Sita, mwisho ujulikane tangu mwanzo. Uangalizi unakwisha mzazi anaporudi, na asiporudi, mtoto hukabidhiwa ustawi wa jamii ili jamaa zake watafutwe.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mengi kwa kazi ya siku mbili. Tuwakumbushe Septemba ya 2011, pale watu walipojazana viwanja vya Maisara kutafuta miili ya jamaa zao. Waliokwenda kutambua maiti walikuwa baba na mama za watu. Asubuhi ile, katika kila nyumba waliyoiacha nyuma, kulikuwa na watoto. Baadhi ya nyumba zilikuwa na bibi imara. Nyengine hazikuwa na mtu.

Bahari yetu haijakauka, na ardhi ya Kagera haijatoa ahadi ya kutulia. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na atuepushe na maafa. Na yakija kwa kadari Yake, mama aliyebebwa kupelekwa hospitali akiuliza "watoto wangu wako na nani?", pawe na mtu wa kumjibu kwa jina.

Wabillahi tawfiq.